Nililipwa elfu sitini kuwa Mmasai kwa saa mbili

Jumanne, usiku, hosteli

Najua nimekaa kimya wiki tatu nzima na wengine mmeshaanza kudhani nimedisko. Sijadisko. Bumu limechelewa, kwa hiyo mwenzenu nilikuwa mjini natafuta hela ya kula, na katika kuitafuta ndiyo nikafanya jambo ambalo leo lazima niliandike, hata kama baadhi yenu mtanicheka.

Jambo lenyewe ni hili: nililipwa shilingi elfu sitini kuwa Mmasai. Kwa saa mbili. Mimi, Msukuma wa Magu, ambaye Umasaini nimepita mara moja tu ndani ya basi, tena nilikuwa nimelala.

Kuna jamaa wanatengeneza katuni ya watoto (sitawataja, na haisaidii kuwataja). Walikuwa wanatafuta mtu wa kuingiza sauti ya mlinzi wa getini. Mlinzi ni Mmasai, ana shuka jekundu na rungu, anaogopa lifti, anaogopa kompyuta, na kuna mahali anaisalimia televisheni akidhani ni mgeni. Nikaambiwa niongee Kimasai. Nikauliza, Kimasai kile cha lugha yao? Wakacheka sana. Hapana bwana, Kiswahili cha Kimasai: vuruga ngeli, kata maneno, kila baada ya maneno matatu weka "ero". Basi nikavuruga, nikakata, nikaweka. Chumba kizima kikaangua kicheko, na mimi, niseme tu ukweli, nikajiona nyota.

Sasa sikieni balaa. Chumbani kwangu naishi na Mmasai. Kijana wa Monduli, mwaka wa tatu, mtu mpole, anaamka alfajiri kuliko kengele ya simu yangu. Niliporudi nikamwekea ile sauti kwenye simu nikijua atavunjika mbavu. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakucheka wala hakununa. Akaniuliza, "Hilo 'ero' unamwambia nani?" Nikasema, simwambii mtu, ndivyo mnavyoongea. Akasema, "Hilo ni neno la kumwita kijana. Wewe umeliweka hata pale mlinzi anapoongea peke yake usiku. Anamwita nani?" Halafu akaniuliza nimelipwa ngapi. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mimi nilikwenda pale siku mbili kabla yako. Walinirudisha. Wakasema Kiswahili changu kimenyooka mno, sisikiki Mmasai."

Halafu akasema la mwisho, na hili ndilo lililoninyima usingizi: "Kaka yangu analinda duka Sinza mwaka wa sita huu. Nusu ya ada yangu inatoka kwenye lile rungu. Hajawahi kuogopa lifti." Akageukia ukutani, akalala. Au alijifanya kalala, sijui.

Kesho yake nikaipeleka kesi kwenye vimbweta. Mnawajua wale washikaji zangu, hakuna wasilolijua. Hukumu ikatoka dakika tano: sauti haina kabila, kuigiza ni kuigiza, acha kujitia huruma, tununulie chipsi mayai kwenye hiyo elfu sitini. Niliwanunulia. Lakini nimekaa siku nne natafuta majibu, na leo nawajibu hapa hapa, mmoja baada ya mwingine, maana pale kwenye vimbweta mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda.

Msimamo wangu nautanguliza ili mtu asije akasema nimezunguka. Nasema hivi: mhusika wa katuni akishachorwa kuwa mtu wa watu fulani, na lafudhi ya watu hao ikawa ndiyo mchezo wenyewe, maiki wapewe watu hao. Na wasipewe maiki tu, wapewe pia haki ya kusema "sisi hatusemi hivyo" na wakasikilizwa. Basi. Sasa njooni.

Hoja ya kwanza: kuigiza ni kujifanya. Eti tukianza hivi, basi simba aigizwe na simba. Nimeisikia hii mara tatu kwa siku moja na kila anayeisema anadhani ameivumbua yeye. Jamani, James Earl Jones aliingiza sauti ya Mufasa katika The Lion King ya mwaka 1994 na hakuna simba hata mmoja aliyepungukiwa kitu. Unajua kwa nini? Kwa sababu simba haendi shule Jumatatu akakuta wenzake wanamwongelesha kwa sauti ya Mufasa. Mtoto wa Kimasai anakwenda. Mtoto wa Kihindi anakwenda.

Na hapa niwape kisa cha Marekani, maana kule wameshapita njia hii na tunaweza kujifunza walipofanya vizuri na walipochemsha. Katuni ya The Simpsons ilianza mwaka 1989. Ndani yake kuna Mhindi mwenye duka, anaitwa Apu. Sauti yake kwa karibu miaka 30 ilikuwa ya Hank Azaria, mzungu. Kwa muda mrefu Apu ndiye alikuwa Mhindi maarufu kuliko wote kwenye televisheni ya Marekani. Mchekeshaji Hari Kondabolu, aliyezaliwa New York kwa wazazi waliotoka India, mwaka 2017 akatoa filamu nzima ya kulilalamikia jambo hilo. Wahindi waliokulia Marekani wanaeleza humo jinsi walivyotaniwa na wenzao kwa lafudhi ile. Yaani sauti aliyoitunga mzungu ndani ya studio ndiyo iliyogeuka kuwa kipimo cha Mhindi anavyotakiwa kusikika. Wadau, someni tena sentensi hiyo halafu mkumbuke mwenzangu wa chumbani aliyerudishwa kwa kutosikika Mmasai.

Watengenezaji wakajibu nini? Mwaka 2018 walitia kwenye kipindi kijembe cha kupuuza, eti kitu kilichopendwa zamani leo kinaitwa kibaya, mtu afanye nini? Lakini Azaria mwenyewe alikuwa ameanza kusikiliza. Januari 2020 akatangaza kwamba hataendelea na Apu, na mwaka 2021 akaomba radhi hadharani. Katikati hapo, Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi Minneapolis na watu kujaa barabarani, mambo yakaenda mbio. Jenny Slate akaacha sauti ya Missy kwenye Big Mouth. Kristen Bell akaacha ya Molly kwenye Central Park. Mike Henry, aliyekuwa sauti ya Cleveland Brown tangu Family Guy, akaacha. Na The Simpsons wakasema wazungu hawataingiza tena sauti za wahusika wasio wazungu. Carl akapewa Alex Désert, na mwaka 2021 Daktari Hibbert akapewa Kevin Michael Richardson.

Wale waliosema katuni zitakufa, hazikufa. The Simpsons ikaendelea. Cleveland alipata Arif Zahir. Missy alipata Ayo Edebiri. Watoto hawakulia, televisheni hazikupasuka.

Huyo Missy ana somo lake. Baba yake ni mweusi, mama yake ni mzungu Myahudi. Slate alieleza kwamba alijiruhusu kumwigiza kwa sababu yeye pia ni mzungu Myahudi kama mama wa Missy. Halafu akakiri kwamba kwa kufanya hivyo alikuwa anaufuta upande wa pili wa mtoto yule. Sasa mimi sikuwa na hata hicho kisingizio cha nusu. Mimi na yule mlinzi hatukuwa hata na bibi mmoja wa kuchangia.

Lakini kuna mahali Wamarekani walichemsha, na nitasema. Azaria alipomwacha Apu, hawakumtafutia Mhindi wa kumpa. Walimwacha anapita nyuma ya picha bila kufungua mdomo. Hiyo si haki, hiyo ni kumfungia mtu stoo kwa sababu umeshindwa kumwomba radhi. Mtu analalamika kwamba unamsemea vibaya, na wewe unaamua asiseme kabisa! Kwa hiyo msije mkanielewa vibaya kwamba nataka Wamasai waondolewe kwenye katuni. Nataka kinyume chake.

Hoja ya pili, hii ilitoka kwa mshikaji mmoja mpenzi wa filamu, na ni nzuri: "Mbona Lufufu?" Kwa msiojua, Derek Gaspar Mukandala, maarufu Lufufu, ndiye aliyetutafsiria filamu za nje kwenye vile vibanda vya video. Mtu mmoja, kanda moja, yeye ndiye Mchina, yeye ndiye Mhindi, yeye ndiye mrembo na yeye ndiye jambazi. Kenya wana DJ Afro wao. Je, na hao tuwashtaki?

Hapana, na sababu ni rahisi. Lufufu hakujifanya Mchina. Lufufu alikuwa Lufufu, na kila aliyekaa kwenye benchi alijua anamsikiliza Lufufu. Alikuwa mtu wetu aliyesimama pembeni ya picha akituhadithia, anaongeza chumvi, anatutania sisi wenyewe, kama bibi anayehadithia sungura na fisi. Bibi hadanganyi mtu kwamba yeye ni fisi. Mimi kule studio jina langu halikutakiwa kusikika. Nilitakiwa nipotee kabisa ili mtoto aliyeko Kigoma, ambaye hajawahi kuonana na Mmasai, aseme: aah, kumbe ndivyo walivyo. Hapo ndipo hadithi inapogeuka kuwa ushahidi wa uongo.

Na mchezo huu ni wa zamani, tusidhani ni utani mpya wa Bongo. Mwaka 1928 wazungu wawili Marekani, Freeman Gosden na Charles Correll, walianza mchezo wa redio ulioitwa Amos 'n' Andy, wakijifanya weusi kwa sauti. Nchi nzima ikawasikiliza na wao wakatajirika. Kwenye redio huhitaji hata masizi ya kujipaka usoni. Sauti peke yake inatosha kumvaa mtu.

Hoja ya tatu ndiyo iliyoniumiza kichwa, kwa hiyo naiheshimu. Dada mmoja wa Sosholojia alisema: "Kaka, unaturudisha kwenye ukabila. Mwalimu alihangaika kutujenga taifa moja, leo unataka mtu aombe kazi aulizwe kabila?" Kweli hii si hoja ya kupuuza. Tuna makabila zaidi ya 120 na tunaishi chumba kimoja bila kuuliza. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza watu kabila. Ukitazama majirani walivyoumizana, unashukuru.

Lakini dada yangu, hebu tuulizane. Yule mlinzi kwenye skripti, nani aliyeandika kwamba ni Mmasai? Si mimi. Ukabila ulikuwa umeshaingia studio kabla sijafika, umekaa kwenye kiti, unakunywa soda. Kabila linaulizwa wakati wa kuchekwa, halafu ukifika wakati wa kulipwa tunaambiwa sisi sote ni Watanzania. Hapana. Ama mlinzi awe mlinzi tu, aongee kama mtu yeyote, na mimi Msukuma nimwigize kwa raha zangu. Ama awe Mmasai kweli, na Mmasai awepo chumbani. Huwezi kuchukua kabila la mtu, ukamwacha mwenyewe nje getini. Tena getini kweli.

Wala sisemi mtu aje na cheti cha ukoo. Mzaramo aliyekulia Loliondo, anayeota ndoto kwa Kimaa, mpe kazi. Mmasai aliyezaliwa Upanga asiyejua hata kuitikia salamu, huyo damu peke yake haitamsaidia. Swali ni: je, mtu huyu anayajua maisha haya kwa ndani, na akisema "hapa mmekosea", ana wa kumsikiliza?

Na mimi nina kidonda changu, ngoja nikifunue. Kidato cha tano nilipelekwa bweni mbali na kwetu. Siku ya kwanza nikasimama kusoma, darasa likacheka kabla sijamaliza mstari. Nikaitwa Ngosha mpaka namaliza shule. Kila kipindi cha vichekesho kilichokuwa na Msukuma mshamba, anayepotea Kariakoo na ng'ombe wake, Jumatatu nilikuwa nalipia mimi. Nilifanya mazoezi ya kuondoa lafudhi yangu usiku chini ya blanketi, nakwambia, neno kwa neno. Halafu mtu huyo huyo akapewa elfu sitini akafanya vile vile kwa mwingine, akajiona nyota. Aibu yangu inatoka hapo hasa. Nilikuwa najua.

Hoja ya nne: haiwezekani, hakuna waigizaji, hela ni ndogo. Uongo mtupu. Hapa hapa Dar es Salaam, Ubongo Kids ilianza kurushwa mwaka 2014, watoto wanafundishwa hisabati na sayansi kwa Kiswahili cha watu wa hapa. Kuna na Akili, mtoto wa miaka minne anayeishi karibu na Kilimanjaro. Mtoto wa Kitanzania anamsikia na kujisikia yuko nyumbani. Nigeria, Iwájú ya mwaka 2024 inatokea Lagos na wahusika wanaongea Kiingereza kama Wanigeria, na imerushwa na Disney hiyo hiyo. Moana ya mwaka 2016 alipewa Auli'i Cravalho, binti wa Hawaii, na mwaka uliofuata filamu ikatolewa kwa Kimaori. Iliwezekana pale walipotaka.

Tena hao Disney tuna kesi nao ya siku nyingi. Mwaka 1994 walichukua Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi, yote maneno yetu. Wachoraji walikuja mpaka Hell's Gate kule Kenya kutazama mandhari. Lakini kati ya sauti kubwa za filamu ile hukuwa na mtu hata mmoja wa Afrika Mashariki wa kuyatamka maneno hayo kama tunavyoyatamka. Kisha "hakuna matata", maneno ambayo mtalii yeyote aliyekanyaga Mombasa ameuziwa kwenye fulana, wakayasajili Marekani kama alama yao ya biashara. Waliporudia filamu mwaka 2019, Shenzi alikuwa Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, na Rafiki alikuwa John Kani wa Afrika Kusini. Ilichukua miaka 25. Sisi tuliolalamika kwamba wazungu wametumia lugha yetu bila sisi, ndio hao hao tunamtumia Mmasai bila Mmasai. Nyani haoni kundule.

Sasa mtauliza, nimefanya nini zaidi ya kuandika? Nilipiga simu studio. Nikawaambia nataka sauti yangu itolewe, na kuna mtu anaijua kazi hii kuliko mimi. Wakasema kurekodi upya ni gharama, na kwamba hela nilishaichukua. Kweli nilishaichukua, na nilishaila. Baada ya kubembeleza sana wakasema haya, mlete huyo rafiki yako ajaribu tena, ila aongee "kama Mmasai kidogo".

Nikamletea habari nikidhani atafurahi. Akaniambia, "Wanataka niende nikamchekeshe kaka yangu kwa sauti ya ukoo wetu. Nilipwe mimi badala yako. Hiyo ndiyo haki uliyonitafutia?" Nikakosa jibu. Ndipo nikaelewa kwamba hoja yangu niliyoiandika hapo juu, mwanzoni niliifikiria nusu. Kumtafuta mwenye kabila asome uongo ule ule ni kubadilisha mdomo tu. Skripti ikibaki vile, hata akiletwa mzee wa boma aisome, mtoto wa Kigoma atafundishwa yale yale.

Akaniuliza kitu kingine: "Kwenye hiyo katuni kuna nani wengine?" Nikamtajia: kuna daktari, kuna mwalimu, kuna sungura mjanja. Akasema, "Mimi ningekwenda kwa ajili ya sungura." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema sungura hana kabila, kwa hiyo ni nafasi ya kila mtu, lakini yeye walimwona mlangoni wakampeleka moja kwa moja getini.

Basi nimewaandikia studio barua pepe, ndefu kuliko hii. Nimependekeza waipitie skripti naye, wamlipe kwa kuipitia, lifti na televisheni vitoke, na wamjaribu kwenye nafasi ya sungura. Hawajajibu. Elfu sitini nitairudisha bumu likitoka, nimeandika hapa ili mnidai.

Washikaji wa vimbweta, mkisoma hii, kesho saa kumi nipo pale pale. Njooni na hoja mpya. Za simba nimechoka.

Nawaacha, nina jaribio asubuhi na desa lenyewe sijaligusa. Mwenzangu ameshalala.